Chumba Nilichokiomba kwa Barua

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha redio Kasulu, niliripoti na tai shingoni na kalamu tatu mfukoni. Mhariri Mkuu aliitazama ile tai, akanirudishia kurasa nilizoandika kwenye usaili. "Zisome kwa sauti," akasema. Nikasoma. Pumzi iliniishia kabla ya mstari wa nne.

"Umeona, kijana? Huyu mhusika wako hata awe na mapafu ya ng'ombe, sentensi hii haimalizi. Andika kwa mdomo, kalamu ifuate."

Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo: kuandika michezo ya redio. Kipande kimoja dakika kumi na tano, wahusika wasizidi wanne, maana msikilizaji haoni sura na sauti zikiwa nyingi anapotea. Skripti, yaani maandishi wanayosoma waigizaji, tuliichapa kwa kuacha nafasi pana kati ya mistari ili masahihisho yapate pa kukaa. Ninyi mnaoandika kwenye simu mtatucheka.

Baadaye nikahamishiwa Kibondo. Kituo kilikuwa kimepanga nusu ya ghala la maharage la Hajji mmoja, jirani na soko. Nusu yetu ilijaa mitambo, kwa hiyo meza yangu iliwekwa upande wa pili, walikokaa wanawake sita wakichambua maharage kwenye nyungo. Mawe na mabovu waliyatupia kwenye beseni la bati, ta, ta, ta, kutwa nzima, huku wakiongea Kiha na kucheka. Vumbi liliniingia hadi kwenye chai.

Asubuhi moja nilikuwa nasoma rasimu kwa sauti, kama nilivyofundishwa, mkwe akigombana na mama mkwe wake. Ghafla beseni likanyamaza. Niligeuka, nikakuta mikono yote imesimama hewani.

"Halafu?" akauliza Mama Daines, mkubwa wao, mwenyeji wa Munanila, aliyekuwa akichechemea kwa maumivu ya nyonga.

Tangu siku hiyo nilijua pa kukata. Beseni likiendelea kulia, mstari huo naufuta. Likinyamaza, nauacha. Na Mama Daines hakuwa mtu wa kunyamaza tu. "Mwanangu, mwanamke mwenye hasira hasemi maneno yote hayo. Anaosha sufuria ambayo imeshatakata." Niliandika hivyo hivyo. Mchezo ule ukapendwa mpaka Manyovu, na Mkurugenzi wetu alisafiri kuja kunipa mkono. Sikumtaja Mama Daines. Kichwa kilinivimba, ndugu zangu, huo ndio ukweli.

Nikaanza kuona nastahili mahali pa heshima. Nikamwandikia Meneja wa Kituo barua kwamba kelele na vumbi "havifai kwa kazi ya ubunifu". Meneja aliisoma, akaniuliza, "Una hakika? Hajji atawahamisha wale akina mama."

"Nina hakika, Meneja. Nikipata utulivu utaona."

Hajji akawahamishia kwenye banda lake la nje ya mji. Wenye miguu mizima walikwenda. Mama Daines hakuweza kutembea umbali ule kila siku, akaamua kurudi kwao. Alikuja kuniaga na ungo wake kwapani.

"Hajji kapatwa na nini?" akauliza.

"Mipango yake ya biashara, mama," nikamjibu, nikijifanya natafuta kalamu.

"Haya. Na yule mama mkwe, ataomba radhi?"

"Utasikia redioni."

Hakusikia. Nilikuwa na chumba, mlango, pazia na kimya, na kwenye kimya kile sikujua tena mstari upi mzima na upi mbovu. Mchezo ukafa bila mwisho. Nikamalizia utumishi wangu nikiandika matangazo ya mbegu na chanjo. Nilipostaafu nikajenga chumba cha kuandikia nyumbani Kasulu, chenye dirisha kubwa. Mke wangu sasa anaanikia vitunguu humo.

Mwaka huu niliandika ile sehemu ya mama mkwe kuomba radhi, nikaipeleka Munanila. Mama Daines amezeeka, lakini nilimkuta barazani, ungo mapajani na beseni miguuni. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, kisha nikasoma kurasa zote nane. Mikono yake ilikwenda tu. Ta, ta, ta.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema, akiokota jiwe.

Nilizikunja karatasi.

"Mama Daines, Hajji hakuwa na mipango yoyote. Barua ya kuwaondoa niliiandika mimi."

Mikono ikasimama.

"Halafu?" akauliza.

Nikaziweka zile karatasi chini, nikaanza kumsimulia tangu siku ya ile barua.