Jirani Tuliyemwombea Apigwe

Mjukuu wangu akianza kuruka kamba uani, namwambia akarukie mbali. Hajakosa lolote, maskini, na mama yake hunikazia macho kana kwamba nimemnyima mtoto chakula. Lakini ile sauti ya kamba ikichapa udongo mkavu, chapu, chapu, chapu, bila kupumzika, bado inanipandisha hasira ya miaka zaidi ya hamsini. Nikiisikia narudi kijijini kwetu Manga. Naona umande kwenye migomba, nasikia harufu ya moshi wa jikoni kwa mama, na ng'ambo ya ua wa michongoma yupo Mokua, kifua wazi, anaruka kamba kabla jogoo wetu hajamaliza kuwika.

Mokua alikuwa bingwa wa ndondi, tena bingwa ambaye hakuwahi kupigwa. Nawaambia mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mtu tuliyejivunia. Wilaya nzima ilijivunia. Sisi tulimchukia, tena kwa bidii, asubuhi na jioni, jinsi watu wengine wanavyokamua ng'ombe.

Tulikuwa na sababu zetu. Baba yake Mokua, aliyekufa zamani, na baba yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo kwa ukoo wetu Mokua alimwita baba yangu tata moke, yaani baba mdogo. Mashamba yetu yalipakana. Ule ua wa michongoma uliishia kabla ya kufika kijitoni, na hapo chini palikuwa na kipande cha ardhi chembamba, chenye udongo mweusi na mkaratusi mmoja mkubwa, ambacho kila upande ulisema ni chake. Zamani hilo halikumkosesha mtu usingizi. Lakini miaka hiyo baada ya uhuru, wapimaji wa serikali walikuwa wakipanda kilima baada ya kilima wakiandika mipaka, na mpaka ukishaandikwa umekwisha. Kamati ya wazee ndiyo iliyosema kipande ni cha nani. Na wazee wa kamati, kama watu wengine wote, walikuwa wamepumbazwa na ngumi za Mokua.

Alijifunza ndondi jeshini, wakati wa Wazungu. Aliporudi alijaza gunia maganda ya kahawa na mchanga, akalitundika, wapi tena, kwenye ule mkaratusi. Kila jioni gunia lililia, na kila lilipolia baba aliacha kula. Alisema yule kijana hafanyi mazoezi, anaweka alama.

Pambano lake kubwa la kwanza lilikuwa la ubingwa wa wilaya, mjini Kisii, dhidi ya askari mmoja mnene aliyekuwa ameshikilia kikombe miaka mingi. Sisi hatukwenda. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na pambano lilikuwa Jumamosi mchana, siku ya Sabato. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Mokua aonekane mwana mpotevu, na baba ndiye aliyesimama kanisani akapendekeza jina lake lifutwe, na likafutwa. Katika ibada ya jioni mama aliomba, kwa sauti yake ya upole, kwamba Bwana amnyenyekeze jirani yetu. Dada zangu wanne nami tukaitikia amina. Mimi niliongeza moyoni kwamba ikiwezekana meno mawili ya mbele yatoke.

Bwana hakusikia. Jumapili tulisikia nyimbo zikipanda kilima, na huyo Mokua amekaa juu ya mabega ya watu, kikombe mkononi, meno yote yapo. Askari alikuwa ameangushwa raundi ya pili. Wiki hiyo mzee mmoja wa kamati alipita kwetu, akamwambia baba kwamba hicho kipande si kikubwa, kwa nini asimwachie kijana anayelipa ukoo jina. Baba hakumkaribisha chai.

Baada ya hapo ikawa hivyo. Kila Mokua alipomwangusha mtu, sisi tuliona tumekatiwa hatua nyingine ya shamba. Alipokwenda Kisumu kugombea ubingwa wa mkoa, baba alikuwa amenunua redio, na hiyo redio ilituletea taabu mpya. Siku ya Sabato haikufunguliwa. Ijumaa jioni mama aliifunga kwa kitambaa, akaiweka juu ya kabati, na hakuna aliyeigusa mpaka Jumamosi jua lizame. Basi mchana wote tulikaa na nguo zetu za kanisani tukijua kwamba kule Kisumu mtu anapigwa na hatujui ni nani. Kuanzia saa kumi na moja baba alitoka nje kutazama jua, akarudi, akatoka tena. Sijapata kuona mtu akilichukia jua hivyo. Lilipozama, tena nadhani siku hiyo lilisaidiwa kidogo, aliifungua redio. Mokua alikuwa ameshinda. Mpinzani wake, kuli wa bandarini mwenye mikono mirefu, alimtoa damu puani, mama akasema asante kwa pua. Lakini alishinda.

Ubingwa wa taifa aliupigania Nairobi mwaka uliofuata, tena usiku, Sabato imekwisha na redio iko wazi. Hilo ndilo pambano ambalo watu wa kwetu walilisimulia mpaka likazeeka. Mpinzani alikuwa mwanajeshi, bingwa mara tatu, na kwenye raundi ya kwanza alimpeleka Mokua chini. Mtangazaji aliposema ameanguka, dada yangu mkubwa alipiga makofi kwa furaha, na baba, mzee wa kanisa, alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Halafu Mokua akainuka. Raundi ya tatu yule mwanajeshi alitolewa ulingoni akishikiliwa kwapani. Nililia. Nilikuwa na miaka tisa, na nililia kwa sababu mtu nisiyemjua, wa kabila nisilolijua, ameshindwa kumvunja mwana wa ukoo wetu.

Ikabaki mechi moja tu, ya ubingwa wa Afrika Mashariki, dhidi ya Mganda aliyesemekana ana ngumi za kuua ng'ombe. Na ikatokea kwamba wapimaji nao walikuwa wamefika kilima cha jirani. Kila mtu alijua mambo yatakavyokuwa. Mokua akirudi na kikombe hicho, kamati itampa kipande na mkaratusi, na pengine kuku wetu juu yake.

Siku tano kabla ya pambano, baba aliamka ibilisi amemkalia. Aliteremka kijitoni na panga, akaikata kamba ya gunia. Gunia likaanguka, likapasuka, maganda ya kahawa yakamwagika mpaka majini. Watu walikuwa wanarudi kutoka kuchuma chai, wakasimama na vikapu vyao mgongoni. Mokua alitoka kwake akitembea, hakukimbia. Mimi nilimwona anakuja, nikaona mikono yake, nikadhani leo baba anakufa. Nikakimbia nyumbani, nikachomoa mpini wa jembe mlangoni, nikampelekea baba. Hakuna aliyenituma.

Baba alitupa panga, akashika mpini.

"Nipige, bingwa," alisema. "Nipige, watu waone."

Mokua alisimama mbele yake mikono imeshuka. Baba akampiga begani. Akampiga mkononi. Pigo la tatu lilimpata juu ya jicho la kushoto, na lilitoa sauti ambayo sitaieleza. Yule mtu aliyewaangusha askari, kuli na mwanajeshi hakuinua hata kiganja kujikinga. Damu ilimteremkia shavuni, akainamisha kichwa.

"Tata moke," aliuliza, "umemaliza?"

Mokua akainama, akayazoa maganda yaliyobaki kwa mikono yake, akayafunga kwenye gunia lililopasuka na kulibeba kwake.

Usiku huo mama alichinja kuku. Siwadanganyi, tulikula kuku katikati ya wiki. Kesho yake shuleni nilitembea kifua mbele, nikawatangazia wote kwamba baba yangu amempiga bingwa wa taifa na bingwa ameogopa kurudisha. Mwalimu wetu, mwenyeji wa Nyaramba, aliniita mbele. Nikadhani atanipongeza. Aliniambia nikakae. Nilimchukia naye.

Jumamosi tulingoja jua kama kawaida. Redio ilisema pambano halikufanyika. Asubuhi, wakati wa kupimwa uzito, daktari aliliangalia jicho la Mokua, akakataa asipande ulingoni, na Mganda akapewa kikombe bila kutoa jasho. Viongozi walimuuliza Mokua nani amemfanya hivyo, kwa sababu waliliona ni jambo la polisi. Alisema alikuwa anakata kuni, tawi likamrukia. Baba aliizima redio. Sisi watoto tulisubiri ashangilie ili nasi tushangilie, lakini alikwenda kulala bila kusali.

Lile jicho halikupona, likawa jeupe. Mokua hakupigana tena, na ndiyo maana mpaka leo watu husema hakushindwa na mtu. Wapimaji walipofika kwetu, hakutokea mpakani. Kamati ilimngoja asubuhi nzima, kisha kipande kikaandikwa jina la baba. Baba akaukata mkaratusi akauza mbao, na pale tukapanda chai. Gunia halikulia tena, wala kamba. Nilidhani tumeshinda, na kwa miaka mingi niliendelea kusimulia hivyo, hata kwa mume wangu.

Baba alikufa nikiwa mwanamke mwenye watoto watatu. Nilifika Manga kutoka Nyansiongo, tulikohamia na mume wangu, nikamkuta Mokua nyuma ya nyumba anachimba kaburi. Nilipandwa na hasira, nikaenda kumwambia mama amfukuze. Mama alinikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Aliniuliza ninataka nani achimbe. Kwetu kaburi la baba huchimbwa na wanawe, na mwana ndiye anayekata udongo wa kwanza. Binti hagusi jembe hapo. Baba alizaa mabinti watano. Mwana aliyekuwa karibu zaidi kwa damu, ndiye huyo.

Nilikaa chini kwenye jiwe la kunolea. Hapo ndipo yaliponifikia, kwa kuchelewa, mambo ambayo kila mtu mzima pale kijitoni aliyajua siku ile. Mtu asiye na mwana, shamba lake huchukuliwa na mwana wa ndugu. Baba hakuwa anagombania kipande cha udongo mweusi. Alikuwa anatazama kila siku, ng'ambo ya ua, yule atakayerithi kila kitu, mwenye nguvu, anayebebwa mabegani, na si yeye aliyemzaa. Na Mokua hakuogopa mpini. Mwana akimpiga baba, hata baba mdogo, hakuna atakayekula naye, hakuna atakayeingia nyumbani mwake, mpaka mbuzi achinjwe na wazee waitwe, na hata baada ya hapo watu huendelea kukumbuka. Sisi tulikula kuku kwa ajili ya hilo.

Nilimfuata pale anapochimba. Alikuwa amefika kiunoni, jasho linamtoka, ameinamisha kichwa upande ili jicho zima lione. Nilitaka kuomba msamaha, na kama mjuavyo watu wa kwetu, nikauliza swali badala yake. Nikamuuliza kwa nini hakumpiga.

"Nilitaka kumuua," alisema. "Usiende kuwadanganya wanao kwamba nilisamehe. Sijamsamehe baba yako, na wewe nilikuona ukileta mpini. Lakini alikuwa baba. Ningefanyaje?"

Nilisimama pale nikingoja aseme jingine, lolote la kunipunguzia. Alinitazama kwa jicho lile moja, kwa chuki safi kabisa, isiyokuwa na haraka, akaniambia nisogee kwa sababu namwagia udongo ndani. Kisha akaendelea kuchimba, akinyoosha kuta kwa ukingo wa jembe, akipima kwa kamba mara mbili, mpaka kaburi la baba yangu likanyooka pande zote.