Mahali Niliposimama Kusoma Moshi

Mwezi wa pili, mwaka 1984, nilimpoteza ndugu yangu, aliyenifuata kuzaliwa. Aliingia ndani ya dohani, lile bomba la moshi la meli, asubuhi, nami nilikuwa hapo hapo gatini. Nimesoma hadi darasa la saba tu. Nitaandika kama ninavyokumbuka.

Nilikuwa nikifanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi, mbele ya Gongoni. Nilianza kwa kushona midomo ya magunia. Baadaye msimamizi akanipa kazi ya moshi, kwa kuwa nilijua kuandika na macho yangu yalikuwa mazima. Meli ndogo zilikuja kupakia, na masizi yao yakaanguka juu ya marundo. Chumvi yenye madoa wanunuzi waliikataa. Basi nilipewa kadi yenye vipande vinne vya rangi, kuanzia kijivu chepesi hadi cheusi. Unanyoosha mkono, unalinganisha kadi na moshi, unaandika nambari daftarini. Moja na mbili, meli iendelee. Tatu, nahodha aonywe. Nne, mashine izimwe, na lisipakiwe hata gunia moja mpaka dohani isafishwe.

Sharti lilikuwa moja: jua liwe mgongoni. Likiwa usoni, moshi huonekana mweusi kuliko ulivyo. Kwa hiyo kila asubuhi nilitembea hadi ncha ya gati, nikaipita meli, nikageuka kutazama nchi kavu. Wapakiaji walinitania.

"Mpiga ramli huyo! Tutazamie na sisi, tutaoa lini?"

Ndugu yangu alikuwa akitia mafuta mashine za meli moja kuukuu. Ilipofunga gati alasiri moja, alikuja nyumbani Mambrui kumwamkia mama. Alikula, akamchekesha, kisha akanifuata uani nilikokuwa nikiosha vyombo.

"Dada, kesho unatusoma?"

"Nawasoma."

"Usitutie nne."

"Kwani moshi wenu ukoje?"

"Mchafu. Lakini tatu inatutosha. Ukitutia nne, nahodha ataniingiza mimi kwenye dohani nikwangue masizi. Mimi ndiye mwembamba." Akacheka kidogo, akaacha. "Mule hamna pumzi, dada. Mara ya mwisho nilitoka nikatapika. Naogopa."

Tangu utotoni hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa kitu. Nikamjibu, "Nitaandika nitakachokiona."

"Haya, bibi kadhi," akasema, akachukua sahani moja akaanza kuifuta.

Asubuhi nilifika kazini. Nilimwona amesimama kando ya meli, pale pale ambapo ningepita, ananingoja. Sikuweza kumpita. Nilijua akinitamkia neno moja tu nitaandika tatu kabla ya kuinua kadi. Basi nikabaki nchi kavu, nyuma ya magunia, nikasomea hapo. Jua lilikuwa linanichoma macho. Moshi niliuona mweusi. Nikaandika nne.

Mashine ikazimwa. Hawakuingoja ipoe vizuri, kwa sababu maji yalikuwa yanakaribia kupwa na nahodha alitaka kupakia. Alimnyooshea kidole ndugu yangu. Ndugu yangu akavua shati, akajifunga kitambaa puani, akachukua chuma cha kukwangulia. Hapo akaniona. Hakunifanyia ishara yoyote. Akaingia kwa mlango mdogo ulio ubavuni mwa dohani.

Nilikuwa nimesogea mpaka kando ya meli. Tulimsikia akikwangua. Kila chuma kilipogusa, nami nilipata pumzi. Kikanyamaza. Nikajiambia anabadili mkono. Kikaanza tena, polepole. Kikanyamaza tena.

"Anapumzika," mpakiaji mmoja akasema, wala hakuna aliyemuuliza.

Nikamwita ndugu yangu kwa jina. Nikamwita mara ya pili.

"Dada, tulia, huyo ni mwanamume," mpakiaji yule akaniambia.

Nikapiga kelele. Ndipo nahodha mwenyewe akakimbilia ule mlango.

Walimtoa kwa kamba. Tulimzika Mambrui jioni ile ile. Mzee aliyemwosha alituambia kwamba masizi ya kwenye kucha yalikataa kutoka.

Siku ya nne nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia, "Siku ile nilisoma jua likiwa usoni."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kumpita ndugu yangu."

Alifungua daftari, akalitazama. "Meli ile ilikuwa chafu. Kila mtu aliona."

"Chafu ya ngapi?"

Alilifunga daftari, nami sikurudi tena kazini.

Mama sikumwambia. Baada ya hitima ya arubaini, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta mlangoni akichagua mchele kwenye ungo.

"Siku ile alikufuata uani," akasema. "Alikuomba nini?"

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama: kadi, magunia, jua. Hakuinua uso.

"Na ungesimama mahali pako, ungeona ngapi?"

"Sijui, mama. Huenda tatu. Huenda nne ile ile."

Vidole vyake vikaacha kuchagua. Nikaogopa kama nilivyoogopa chuma kiliponyamaza. Kisha vikaanza tena, akaokota kijiwe, akakitupa nje.

"Sogea," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.