Saluti Niliyopigiwa na Mwanangu

Mwenye ukurasa, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, kwetu ni magharibi karibu na mpaka, na hapa Nairobi nimepanga chumba Dandora. Kazi yangu ni kupakia magunia ya saruji kwenye ghala moja la Viwandani. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo mtanivumilia.

Nina mke na mtoto mmoja wa kike, nitamwita Neema. Ana miaka minane. Ni kiziwi tangu alipougua homa akiwa mchanga. Anasoma darasa la viziwi mtaa wa pili, na huko ndiko alikojifunza kusema kwa mikono. Mke wangu alijifunza kutoka kwake, kwa kuwa wanashinda pamoja. Mimi natoka alfajiri, narudi jioni nimejaa vumbi, sijui neno hata moja.

Neno moja nililijua. Kila nikiingia, Neema alikuwa anaweka kiganja kando ya sikio na kukunja vidole kwenda mbele. Nilimuuliza mke wangu maana yake. Akasema, "Ni baba hiyo. Si unaona ni kama saluti ya askari? Mtoto anakuheshimu."

Nilifurahi, siwafichi. Hata jirani yetu wa mlango wa pili, dereva wa lori nitakayemwita Musa, alikuwa akinisalimu hivyo hivyo huku akicheka. Nikawafundisha na wenzangu kazini. Asubuhi nikifika getini, vijana wote mkono sikioni: "Niaje, mzee wa saluti!" Nami nawarudishia.

Mwaka jana nikasikia kwamba chuo kimoja cha jamii, upande wa Jericho, kinafundisha jioni mambo ya mawasiliano, magazeti na redio, na lugha ya ishara. Nilitaka ishara tu, lakini wakasema masomo yanakwenda pamoja. Basi nikitoka kazini nilikuwa natembea hadi Jericho, nakaa na vijana waliomaliza sekondari, nasikiliza habari za redio huku nikisinzia, ili ifike saa ya ishara. Nilitaka siku moja nimuulize mwanangu ameshindaje, anijibu, na nimwelewe.

Mwalimu wetu wa ishara ni mama mtu mzima, kiziwi mwenyewe, na kijana mmoja hututafsiria. Siku moja alitaka kila mtu aonyeshe anavyoitwa nyumbani. Nikasimama wima, nikaweka kiganja sikioni, nikakunja vidole. Wawili watatu wa mbele waliokwisha kujifunza wakacheka mpaka wakalaza vichwa mezani. Mwalimu hakucheka.

"Anauliza nani alikupa jina hilo," kijana akaniambia.

"Mtoto wangu. Maana yake baba."

Mwalimu akatikisa kichwa, kisha akashika kidevuni kama mtu mwenye ndevu. Kijana akasema polepole, "Hiyo ndiyo baba, mzee. Ile yako ni punda."

Nilikaa chini. Nilijiambia labda mtoto alikosea. Mwalimu wa magazeti alikuwa ametufundisha kwamba habari ya mtu usiiandike kabla hujamuuliza mwenyewe. Nikaona nimuulize Neema.

Jumapili mama yake alikuwa sokoni. Nikapiga magoti mbele ya Neema, nikamuuliza kwa mikono: baba ni nani? Alishtuka kuona mikono yangu inasema, akaruka kwa furaha. Akanivuta hadi dirishani. Nje Musa alikuwa anaosha lori. Neema akamnyooshea kidole, akashika kidevu. Kisha akanigeukia, akanigusa kifua kwa upendo uleule wa siku zote, akaweka kiganja sikioni. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia. Akasema: mama. Akaongeza: baba huja wewe ukienda kazini, na huniletea mandazi.

Musa alihamia hapa Neema akiwa tayari anatembea, kwa hiyo damu ni yangu. Hilo halikunisaidia kitu.

Mke wangu aliporudi nilimuuliza bila kelele. Hakukana. Alitua kapu, akaniangalia.

"Punda si hubeba? Na wewe kazi yako ni gani kule Viwandani?"

"Na Musa?"

"Musa hukaa na mtoto. Wewe hulala. Kaulize tena darasani kwako."

Kisha akachukua mwiko, akamshika Neema, akampiga kwenye viganja, kimoja baada ya kingine. "Mikono hii ina mdomo," alisema. Mtoto hakuelewa kosa lake. Nilimnyang'anya mwiko, lakini siwezi kushinda nyumbani kulinda mikono. Kila nikirudi nakuta viganja vimevimba.

Nimefikiria kumpeleka kwa mama yangu kijijini. Huko atapendwa, lakini hakuna hata mtu mmoja anayejua ishara, na shule ya viziwi iko mbali. Atakaa kama amefungiwa ndani ya nyumba isiyo na mlango. Nikimwacha hapa, atapigwa kwa kila neno atakaloniambia. Nikimfukuza mama yake, nani atakaa naye nikiwa ghalani? Mahakama nayo itamsikiliza kibarua wa darasa la sita?

Bado naenda chuoni. Sasa najua kumuuliza kama ana njaa, kama anaumwa, kama ananipenda. Juzi nilimuuliza yote matatu. Aliangalia mlangoni kwanza, kisha akaikalia mikono yake.

Wasomaji, wenye watoto na msio nao, niambieni: nimpeleke wapi mtoto huyu?