Ufunguo wa Chura Umo Mfukoni mwa Fundi Twalibu

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya mabati ya Ng'ambo, mjini Tabora, na Fundi Twalibu Abbasi haonekani. Kinachoonekana ni miguu yake, imevaa makubadhi ya matairi, imetokeza kwenye mlango wa gari dogo la kijani lililoegeshwa mbele ya baraza lake. Kichwa kiko chini ya dashibodi. Mkono mmoja unatoka, unapapasa, unaokota koleo, unarudi ndani.

"Fundi!" anaita Bi Mwanamkuu, jirani anayekaanga vitumbua upande wa pili wa njia. "Polepole, baba! Ukimaliza leo, kesho unalala Sikonge."

"Niletee vitumbua," sauti inajibu kutoka ndani ya gari. "Sikonge niachie mwenyewe."

Wapita njia wanacheka. Bi Mwanamkuu hacheki, kwa sababu alichosema ndivyo kilivyo.

Fundi Twalibu ana umri wa miaka hamsini na miwili na amezaliwa katika mtaa huu. Hata hivyo, ameruhusiwa kukaa nyumbani kwake kwa muda wa kutengeneza swichi ya ufunguo wa gari hili, basi. Gari likiwaka, lori litamrudisha Sikonge, kwenye shamba la tumbaku alikopelekwa miezi mitatu iliyopita kwa kosa la uzururaji.

Mzururaji, kama tulivyoelezwa kwenye mikutano yote, ni mtu asiye na kazi. Fundi Twalibu ana kazi leo. Akiifanya vizuri itaisha, na ikiisha ataitwa tena mtu asiye na kazi. Mwandishi wa makala hii aliuliza ofisi mbili zimweleze jambo hilo. Hakuna iliyoweza.

"Walinikuta nimekaa hapahapa," anasema Fundi akiwa amejitoa garini na kujipangusa jasho. "Nina dainamo mapajani. Mgambo akaniuliza, mzee, unafanya kazi wapi? Nikamwambia, hapa. Akasema, hapa ni baraza, nimekuuliza kazini."

Alitakiwa aonyeshe kitambulisho cha mwajiri. Hana mwajiri na hajawahi kuwa naye. Kwa zaidi ya miaka ishirini ametengeneza umeme wa magari kwenye baraza hili: stata, taa, honi, dainamo. Siku nzuri humpatia shilingi kumi na tano. Siku mbaya humpatia shukrani.

Mkewe, Bibi Maua, alikuwa mlangoni siku ile. Mpaka leo akilisimulia jambo hilo anasimama, hawezi kulisema akiwa amekaa.

"Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi," anasema. "Nikawaambia, jamani, itazameni mikono. Mzururaji ana mikono ya namna hii? Wakaniambia, mama, usiingilie shughuli za serikali. Mimi niingilie shughuli za serikali! Nilikuwa nimeshika ufagio."

Walipandishwa kwenye lori, wanaume waliosombwa kutoka sokoni, stesheni na mabarazani. Dereva alipobonyeza stata, lori likawaka mara moja.

"Nilitabasamu bila kupenda," anasema Fundi. "Dainamo ya lori lile nilikuwa nimeifunga mimi, wiki moja kabla. Betri ilikuwa imejaa. Walinichukua kwa umeme wangu mwenyewe."

Fundi Twalibu hana ugomvi na kilimo. Baba yake alilima Kwihara, naye mpaka leo ana kipande cha karanga huko, ambacho mwaka huu kimeota majani. Wala hana ugomvi na Ujamaa. Anasema mtu akija barazani kwake hana kitu, gari lake hutengenezwa vilevile, na kama huo si ujamaa basi aelezwe upya.

"Kulima si aibu," anasema. "Aibu ni kuambiwa unapelekwa ukafundishwe kufanya kazi."

Ndani ya lori alikaa katikati ya watu wawili anaowafahamu tangu ujana. Mmoja ni Anton, mshona viatu wa pale stesheni. Wa pili ni Raymundi, fundi baiskeli wa mtaa wa Cheyo. Sikonge walipewa majembe matatu yaliyofanana, na tuta moja refu la kulima.

Wanaoijua Sikonge wanajua kwamba watu wake hutembea kwa baiskeli. Asali huja kwa baiskeli, wagonjwa hupelekwa zahanati kwa baiskeli, hata maharusi. Raymundi alikuwa akilima kando ya barabara, na baiskeli zilikuwa zikipita mbele yake zikisukumwa, hii ina pancha, ile mnyororo umekatika.

"Alikuwa anazitazama kama mtu anayesikia mtoto analia nyumba ya jirani," anasema Fundi. "Siku moja akaacha jembe, akamsaidia mzee mmoja kurudisha mnyororo. Msimamizi akamfokea mbele ya watu. 'Umekuja huku kulima, hukuja kuzurura na baiskeli za watu!'"

Anton na Raymundi wangali huko. Fundi Twalibu yuko hapa, na sababu ya kuwa hapa ni Chura.

Wakazi wa Tabora wanamjua Chura. Ni hilo gari la kijani, la mashindano, la Kiingereza, la zamani, viti viwili, halina paa, limelala chini karibu ligusane na ardhi, na taa zake zimetumbuka kama macho. Lililetwa mjini na Laxmidas, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye kila Jumapili jioni aliliendesha mpaka stesheni na kurudi, taratibu, mkewe akiwa ameshikilia mtandio usipeperuke. Majumba yalipotaifishwa, Laxmidas aliondoka na masanduku yake. Chura akabaki gerejini, kisha akahamia shirika moja la umma la hapa mjini.

Siku hizi anaendeshwa na meneja wa shirika hilo, Ndugu Silasi, ambaye pia alikuwa mjumbe wa kamati iliyoandaa msako wa wazururaji. Anasema anamtumia kwa shughuli za ofisi. Shirika lake linasafirisha mazao. Chura hana nafasi ya kuweka hata gunia moja la karanga.

Kiangazi hiki vumbi liliingia kwenye tundu la ufunguo, ufunguo ukawa mgumu. Grisi ilikuwa haipatikani madukani, kwa hiyo dereva wa ofisi akamiminia mafuta ya karanga. Kwa siku chache ufunguo ulizunguka kama umewekwa kwenye samli. Halafu mafuta yakashikana na vumbi, yakaganda kama gundi, na ufunguo ukagoma kabisa. Dereva akaleta bisibisi na nyundo. Kilichofuata hakihitaji fundi kukieleza.

Mafundi wengine walishauri nyaya ziunganishwe tu, gari liwashwe hivyo. Ndugu Silasi alikataa. Gari la ofisi, alisema, haliwezi kuwashwa kama gari la wizi. Akauliza ni nani mjini anayeweza kuifufua swichi yenyewe, na kila aliyeulizwa alitaja jina moja. Mwenye jina alikuwa kwenye tuta la tumbaku.

Lori lilelile likaenda Sikonge kumchukua. Petroli, ambayo kwa uhaba wake tumekatazwa kuendesha magari Jumapili mchana, siku hiyo ilipatikana. Na walioagizwa kumsukuma Chura kutoka ofisini mpaka Ng'ambo ni mgambo, wakiwemo wawili waliomkamata Fundi.

"Nikawapa maji," anasema. "Walikuwa wanahema."

Asubuhi hii ya Jumanne swichi imefunguliwa na kupangwa juu ya kitambaa cheupe. Fundi amekwangua gundi ya karanga kwa wembe, kidogo kidogo. Vipande vya shaba vinavyogusana ili umeme upite vilikuwa vimepinda na kuungua, na vipya havipo Tabora wala pengine nchini. Amevikata upya kutoka kwenye bomba bovu la maji, akavilainisha kwa tupa, akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Kibao cheusi kinachovishikilia kilikuwa kimepasuka, naye amechonga kingine kutoka kwenye soketi ya umeme iliyotupwa. Kazi iliyobaki ni kukaza skrubu.

Angeweza kuchelewesha. Nani angejua? Bibi Maua anakiri kwamba alimwomba.

"Nilimwambia, Baba Zamda, vunja kitu kimoja. Kimoja tu, kidogo. Akaninunia siku nzima."

"Nikiharibu kazi kwa makusudi," Fundi anajibu bila kuinua macho, "basi yule mgambo alisema kweli."

Alasiri Ndugu Silasi anafika kwa miguu, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi. Ni mtu mchangamfu, na baraza zima linachangamka kumwona.

"Shikamoo, mtumwa wangu!" anasema.

"Marahaba, mtoza hongo."

Silasi ni Mgogo, Fundi Twalibu ni Mnyamwezi, na hao ni watani tangu siku za misafara. Wapagazi wa Tabora walipokuwa wakienda pwani walikatiza Ugogo, na huko walilipa hongo, yaani ushuru wa njia, ili wapite na wanywe maji. Watani hutukanana wasikasirikiane. Mtani anaweza hata kuteka kitu cha mwenzake na kukishikilia mpaka kikombolewe, na anayekasirika ndiye anayeaibika.

Fundi anaingia garini, anatia ufunguo, anazungusha. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Anavuta stata. Chura anakohoa, anakohoa tena, kisha ananguruma hadi vitumbua vya Bi Mwanamkuu vinasahauliwa jikoni. Ndugu Silasi anapiga makofi.

Fundi anazima gari. Anachomoa ufunguo, anaufuta kwa upindo wa shati, anautia mfukoni na kufunga kifungo.

"Lete ufunguo, mtani."

"Nimeuteka."

Baraza linaangua kicheko.

"Teka kuku, bwana! Hilo gari la serikali!"

"Gari chukua, si hilo hapo? Mimi nimeteka ufunguo. Babu yangu alipita Ugogo na pembe ya ndovu begani, babu yako akamtoza nguo kwa kata ya maji. Leo umepita barazani kwangu. Lipa."

"Babu yako alikunywa kisima kizima akatuachia tope!"

"Na tope hilo ndilo mlilojengea nyumba. Lipa, mtani."

Ndugu Silasi anacheka mpaka anatoa leso. "Haya, unataka nini? Mbuzi?"

"Sema mbele ya watu hawa kwamba Twalibu ana kazi."

Silasi anainua mkono kama yuko jukwaani. "Wananchi! Twalibu ana kazi!" Makofi yanapigwa, Bibi Maua anapiga kigelegele, na Silasi ananyoosha kiganja apokee ufunguo wake.

"Hiyo ni yangu," anasema Fundi. "Bado ya Anton na ya Raymundi."

Kicheko kinakatika. Baadhi ya waliosimama hapo ni ndugu wa watu hao wawili.

"Hayo sasa si mambo ya utani," anasema Silasi kwa sauti ya chini.

"Kumchukua fundi baiskeli kwenda kumfundisha kazi, huo haukuwa utani? Mimi nilidhani mnatutania."

"Naweza kuagiza swichi hiyo ivunjwe sasa hivi."

"Ivunje," anasema Fundi Twalibu. "Ulisema nikae mjini mpaka gari lipone. Nitaianza tena kesho."

Bi Mwanamkuu ndiye anayecheka kwanza, na wengine wote wanamfuata. Ndugu Silasi analitazama gari, anawatazama watu, anakunja leso yake. "Mnyamwezi wewe," anasema, na kuondoka alivyokuja, kwa miguu.

Siku iliyofuata, ofisini kwake, Ndugu Silasi alizungumza na mwandishi kwa upole na kuomba soda iletwe kwa ajili ya mgeni. "Yule ni mtani wangu, hakuna ubaya," alisema. "Msako ulifanywa kwa nia njema. Makosa madogo madogo hayakosekani."

Kosa dogo la kwanza ni mshona viatu ambaye nyumba yake imefungwa kwa kamba. Kosa dogo la pili ni fundi baiskeli anayepalilia tumbaku huku baiskeli zikisukumwa mbele ya macho yake. Ukubwa wa kosa, inaelekea, hupimwa na asiyelibeba. Ndugu Silasi alipoulizwa kama lori lililomfuata mtu mmoja Sikonge kwa sababu ya swichi haliwezi kuwafuata wawili kwa sababu ya haki, alisema swali hilo liandikwe na kupelekwa kwa katibu wake.

Hakutuma mgambo. Hakutuma nyundo. Kwa siku zilizobaki za wiki amekuwa akienda kazini kwa miguu, na akipita Ng'ambo husalimia, na husalimiwa kwa heshima zote za utani.

Ijumaa asubuhi lori liliondoka kuelekea Sikonge. Dereva aliulizwa anafuata nini, akajibu kwamba anafuata tumbaku, lakini alijibu akitazama pembeni.

Fundi Twalibu ameshafagia baraza, upande wa kulia na upande wa kushoto wa benchi lake. Kulia ameweka gogo la kukalia mshona viatu. Kushoto amepigilia msumari ukutani, wa kutundikia pampu. Anataka wakae naye hapohapo watatu, chini ya kibao kimoja chenye majina yao, ili mgambo atakayekuja tena kuuliza kazi iko wapi asome mwenyewe kabla ya kufungua mdomo.

Kisha anaingia garini, anamwasha Chura kidogo ili betri isilale, anasikiliza mlio, anazima. Ufunguo unarudi mfukoni, kifungo kinafungwa.

"Lori likirudi na tumbaku peke yake," anasema, "Mgogo atajifunza kutembea."