Orodha ya Wenye Ruhusa

Ochwo alifika ofisini kwangu mpakani Malaba akiwa na begi mgongoni, fimbo nyeupe mkononi, na barua ya dada yangu Nasirumbi, ambaye ni mwalimu katika shule ya wasioona. Barua ilisema nimpe mwezi mmoja tu wa majaribio. Mimi Odwori huwaandikia watu barua na fomu karibu na foleni ya malori, na nakiri kwamba nilimnung'unikia sana dada yangu siku ile. Nilijiuliza kipofu ataandika nini. Lakini Nasirumbi ndiye aliyenilea, na sijui kumkatalia.

Ochwo aliomba aachwe saa mbili peke yake na kompyuta. Alikuwa na mfumo wake kwenye flashi, akauweka, akachomeka waya wa kusikilizia katika sikio moja, akasema yuko tayari. Kompyuta ilimsomea kila kilichokuwa kwenye kioo, tena kwa kasi ambayo mimi, nilipoazima waya ule, nilisikia kelele tu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Dereva wa lori alikuwa akimsimulia barua yake sikio la kushoto, mashine ikimsomea sikio la kulia, na vidole vinakwenda bila kupumzika. Barua ikatoka kwenye printa haina kosa hata moja.

Maisha yake nilikuja kuyajua kidogo kidogo. Kwao ni Nabuyoga, kwa wakulima wa mihogo, na surua ilimchukulia macho akiwa na miaka saba. Kwa miaka minne alikalishwa nyumbani akipukuchua mahindi, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba angeweza kufanya jambo jingine. Siku Nasirumbi alipomwekea vidole kwenye kibodi kule shuleni, alilia, maana ndipo alipojua kwamba kila herufi ina mahali pake na haihami. Sasa ana miaka ishirini na sita na hajawahi kuajiriwa. Mwezi wangu ulikuwa wa kwanza, na nikimkataa anarudi kwenye mahindi.

Jambo moja alinieleza mapema, bila kuficha. Katika mfumo ule, mipangilio ya ndani hulindwa, na anayeweza kuibadilisha ni yule tu ambaye jina lake limo katika orodha ya wenye ruhusa. Mbali na jina la mfumo wenyewe, lililokuwamo ni lake tu, kwa kuwa ndiye aliyeuweka. Akanipa na neno lake la siri, ili nisikwame siku asipokuwapo.

Wiki ya tatu, Proscovia, jirani yangu anayesajili laini za simu, aliniuliza mbele ya wateja kama ni kweli kwamba siku hizi naomba ruhusa kwa Ochwo kutumia kompyuta yangu mwenyewe. Watu wakacheka. Nikacheka nao, lakini neno lile liliniingia na halikutoka.

Jumapili mchana, Ochwo akiwa kwao, nikafungua ofisi. Niliingia kwa neno lake la siri, nikawa nafuata video kwenye simu inayofundisha kubadilisha orodha ile. Kwanza nikaizima ile sauti katika mipangilio ya mfumo mzima, maana ilinipigia kelele kwa kila herufi. Halafu nikafungua orodha, nikafuta jina la Ochwo, nikahifadhi. Nilipotaka kuandika langu, kompyuta ikakataa. Huna ruhusa. Nikajaribu kurudisha sauti. Huna ruhusa. Nilikuwa nimeingia kwa uwezo wa Ochwo, na uwezo huo nimeufuta kwa mkono wangu. Meza yangu, umeme wangu, kompyuta yangu, nayo inaniambia mimi sina ruhusa! Niliizaba kofi, nikaizima, nikaenda zangu.

Jumatatu Ochwo alikaa, akabonyeza, kimya. Siku nzima alibonyeza kwa kubahatisha mbele ya mashine bubu, na Jumanne vivyo hivyo. Wateja waliponiuliza nikawaambia, Mungu anisamehe, kwamba huyu ndiye ameiharibu. Alisikia, wala hakujibu. Jumatano nikamwambia Ijumaa mwezi wake unakwisha, na mtu asiyefanya kazi siwezi kumweka. Aliniomba kitu kimoja tu: asubuhi nikae naye, nimsomee kioo.

Alhamisi tukakaa. Alinieleza kwamba mashine inapowaka kuna njia ya dharura, ambayo hufunguka kwa aliyekaa mbele yake tu, na huko ndani hakuna sauti kabisa. Macho yatakuwa yangu. Nikawa nasoma neno kwa neno, yeye anaandika. Mara kompyuta ikasema kwamba mafaili yote yanaweza kusomwa tu, hayaandikiki. Nikamwambia hata huku tumekataliwa. Ochwo akatabasamu, akaandika kutoka kichwani mstari wenye alama ambazo mimi hata majina yake siyajui, na diski ikakubali kuandikwa. Mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta maishani mwake alikuwa anatembea ndani yake kama mtu aliye jikoni kwa mama yake, anajua kila kitu kiliko, hapapasi.

Akafungua orodha. "Soma, Mzee," akasema, akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka magotini.

Hapo nikaiona hali ilivyo. Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema jina lake limo, kosa liko kwingine, naye asingekuwa na njia ya kujua. Na yeye, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa na uwezo wote juu ya mashine ile, alikaa akiningoja mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Kuna jina moja tu, la mfumo wenyewe," nikasema. "Lako haliko. Halikupotea, Ochwo. Nililifuta mimi Jumapili."

"Najua, Mzee. Jumatatu nilikuta kiti iko mbali na meza. Mwenye tumbo hapa ni wewe."

Sikucheka. Nilimuuliza kwa nini basi amenyamaza siku tatu, huku nikimpakazia mbele ya watu na kumtishia kazi.

"Hapa ndani siwezi kufika bila macho yako. Nilitaka kwanza kujua kama utanisomea ile iko kwenye kioo."

Nimeishi mpakani miaka hamsini na mbili. Nimewaona watu wenye mihuri, wenye sare, wenye funguo za mageti, na sijamwona hata mmoja niliyemheshimu kama huyu. Nikamwambia hakuna tena majaribio, kazi ni yake, na wateja nitawaambia mwenyewe nani aliyeharibu kompyuta. Akaitikia kwa kichwa na kurudisha vidole kwenye kibodi.

"Sasa, Mzee, naandika jina la nani?"

"Lako."

"Na lako?"

Nikamwambia aandike langu ikiwa anaona linafaa. Akaandika, tip tip tip, kwa muda ambao ulinitosha kutoka jasho, kisha akasimamisha vidole juu ya kitufe cha kuhifadhi.

"Soma tena kutoka juu," akaniamuru. "Polepole."

Nikasoma. Chini ya lile la mfumo, lake lilikuwa la kwanza, langu linafuata, naye akakibonyeza kitufe.