Maji Baridi na Chumvi

Hadi leo harufu ya machicha ya nazi hunirudisha jikoni kwa mama, Mchinga, mwaka ule ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ulipoyaunguza maua ya mikorosho na baba akarudi kutoka shambani mikono mitupu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama hakulalamika, alikaza kibwebwe akaanza kubana matumizi. Nazi moja ilikwenda siku mbili. Tui la kwanza, lile zito, alilichemsha likawa mafuta ya kupikia na ya kutupaka. La pili na la tatu akaungia mchuzi. Machicha nayo hayakutupwa: tulisugulia sufuria pamoja na majivu, yaliyobaki wakala kuku. Maji yaliyochemshiwa mchele ndiyo yalikuwa wanga wa kanzu ya baba ya Ijumaa. "Haba na haba hujaza kibaba," alikuwa akisema, nami niliamini hakuna fundi duniani wa kumshinda mama yangu.

Fahari hiyo ndiyo iliyotuponza. Mchana mmoja rafiki wa baba alikuja kututembelea kutoka Pande. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamnawisha mikono. Alionja mchuzi wa samaki akausifu. Ulimi hauna mfupa. "Hilo tui la tatu, mjomba!" nikaropoka. "Mama nazi moja anaipikia siku mbili!" Mgeni alicheka kwa upole. Baba hakucheka. Kwetu, mwanamume kujulikana mbele ya mgeni kwamba analishwa tui la tatu ni sawa na kuvuliwa nguo barazani, na mimi nilikuwa nimemvua kwa furaha.

Alimsindikiza mgeni hadi njiani, akarudi, akaingia jikoni. Alimpiga mama teke, mama akaanguka. Akaiokota mbuzi, kile kigoda chetu cha kukunia nazi chenye ulimi wa chuma na meno, akampiga nayo begani. Akampiga tena. Meno yalizama, na yalipotoka yalitoka na nyama. "Unanitangaza fukara kwa watu, wewe mwanamke!" Nilimrukia nikimlilia kwamba ni mimi niliyesema. Alinitupa ukutani, mdomo ukapasuka. Mama alijikunja kukinga kichwa, na mbuzi ikaendelea kushuka, na damu ikaingia kwenye unga wa muhogo uliokuwa kwenye ungo. Majirani walisikia, hakuna aliyebisha hodi. Alipochoka aliitupa ile mbuzi, akatawadha, akaenda kuswali alasiri. Nilimchukia siku ile. Sitadanganya, namchukia bado, ingawa marehemu hasemwi vibaya.

Mama aliniagiza chumvi na manjano. Aliosha majeraha kwa maji ya chumvi huku ameuma pindo la kanga, akapaka manjano juu. Kisha akanifundisha kazi nyingine. "Damu haifuliwi kwa maji ya moto, Somoe, itagandia. Maji baridi na chumvi, ufikiche taratibu. Na ya jikoni hayapelekwi barazani, umesikia mwanangu?" Nilisikia. Kanga ile niliifua mara nyingi sana miaka iliyofuata, nikawa hodari, doa halionekani hata juani. Lakini bandu bandu huisha gogo: mkono wake wa kushoto haukuinuka tena juu ya bega mpaka anaingia kaburini.

Sasa naishi Lindi mjini. Tui linauzwa kwenye pakiti, na mimi bado nakuna nazi na kukamua mara tatu. Majirani wananitania kwa ubahili wangu, kisha wanakuja kuuliza: ndimu ya kung'arishia sinia, siki ya kuondoa ukoko wa birika. Juzi alikuja binti wa nyumba ya pili, ndoa yake haijatimiza mwaka. Mkono mmoja aliuficha ndani ya mtandio, wa pili umeshika kitenge kilichoviringishwa.

"Shikamoo shangazi. Eti damu inatokaje kwenye kitenge?"

"Marahaba. Maji baridi na chumvi," mdomo ukajibu wenyewe, na kopo la chumvi tayari lilikuwa mkononi. Ndipo nilipomtazama usoni. Nikamuuliza damu ni ya nani.

"Yangu," akasema, macho chini. "Lakini kosa ni langu, shangazi. Nilisema neno mbele za watu."

Nililirudisha kopo kabatini. Nikakikunja kitenge na damu yake, nikakitia kikapuni, nikajitanda kanga.

"Hiki hatukifui," nikamwambia. "Tunakwenda nacho polisi kama kilivyo."