Kiti cha Magurudumu Mbele ya Mama Mkwe

Mnaotaka kunicheka, chekeni, lakini kifundo cha mguu kiliteguka kweli. Ila kilikuwa kimeanza kupona, na hilo sikumwambia mtu. Mama mkwe alipotuita wakwe zake wote kijijini Usenge tumzike dada yake, nilimjibu kwa simu kwamba siwezi hata kusimama. Kisha nikakata tiketi ya Nairobi.

Pale uwanja wa ndege wa Kisumu nilisema siwezi kusimama, nikaomba kiti cha magurudumu. Dada mmoja mhudumu wa uwanja akanisukuma, watu wakatupisha, nikajiona gavana. Mlangoni tukakutana ana kwa ana na mama mkwe, amekuja kumpokea mwanawe.

Kwetu mkwe hakai mama mkwe akiwa amesimama mbele yake. Nimelelewa hivyo. Niliruka kutoka kitini nikasimama wima, kofia mkononi. Wala sijutii: ningekaa, ningekuwa mkwe asiye na adabu; niliposimama, nikawa mwongo mwenye adabu.

"Mzee, si ulisema huwezi kusimama?" dada wa kiti akauliza.

Mama mkwe aliutazama mguu wangu kwa muda. "Mwache, Baba Akinyi amepona," akasema. "Na tulikuwa tumepungukiwa na mtu mmoja wa kubeba jeneza."